Historia ya Neno "Gari" na Maana Zake

1. Utangulizi

Mfasiri akikutana na istilahi ngeni ya sayansi husita, hufungua kamusi na kuwauliza wenzake. Akikutana na neno gari hasiti. Huliandika akaendelea na kazi, kwa kuwa neno hilo amelijua tangu utotoni, na msomaji wake amelijua vilevile. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia, maana mfasiri na msomaji huenda wasiwe na gari moja akilini.

Tuchukue mfano. Halmashauri inatunga sheria ndogo ya ushuru wa maegesho, nayo inasema kwamba kila mwenye gari atakayeliegesha katika eneo la soko atalipa kiasi fulani. Je, mwenye bajaji atalipa? Mwenye guta la kukanyaga je? Na tela lililoachwa peke yake, bila kichwa cha kulivuta? Mkusanya ushuru ana jibu lake, mwenye bajaji ana lake, na hakimu atakayeletewa shauri hilo hana budi kutafuta la tatu. Tangu mwaka 2021, yalipofanywa marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, swali la namna hii si la barazani tena. Ni swali la faini, bima na haki ya mtu.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi neno gari lilivyoingia katika Kiswahili, jinsi maana yake ilivyopanuka na kisha kusinyaa, na yale yanayotupasa sisi tunaoshughulika na istilahi, tafsiri na ufundishaji. Mfano wetu mkuu ni Songea na Mkoa wa Ruvuma kwa jumla. Tumeuchagua mkoa huo kwa sababu mbili: ni mahali ambapo barabara ilifika lakini reli haikufika, na tena unapakana na Ziwa Nyasa, ambako ng'ambo ya pili neno letu hili limepata umbo jingine.

2. Asili ya neno

Gari ni neno la Kihindi. Wahindi hulitamka kwa kuukunja ulimi kwenye sauti ya r, na ndugu zao Wagujarati husema gadi. Huko Bara Hindi neno hilo halikuwa jina la chombo kimoja. Lilikuwa jina la jumla la chombo chochote cha magurudumu, na kilichokitambulisha chombo ni kitu kinachokivuta au njia kinayopitia. Bailgari ni gari la ng'ombe. Ghoragari ni gari la farasi. Na reli ilipofika likazaliwa relgari. Wagujarati wao walilitazama tanuri la injini wakasema aggadi, yaani gari la moto.

Kiswahili kilipolikopa neno hili kilikopa pamoja nalo desturi yake. Tofauti ni moja tu: Kihindi hutanguliza kivumishi, na Kiswahili hutanguliza nomino kikaongeza kiunganishi cha -a. Hivyo tukapata gari la ng'ombe, gari la farasi, gari la punda na gari la moshi. Neno gari peke yake lilikuwa kama kichwa kisicho na kiwiliwili; msikilizaji alingoja aelezwe ni gari la nini.

Mtu aweza kuuliza kwa nini Waswahili, waliofanya biashara na nchi za mbali kwa karne nyingi, hawakuwa na neno lao. Jibu ni kwamba hawakuwa na haja nalo. Baharini kulikuwa na majahazi na mashua. Mjini kulikuwa na mahamali na punda, na vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vinashuhudia hata leo kwamba havikujengwa kwa ajili ya magurudumu. Bara kulikuwa na misafara, na mzigo ulikwenda kichwani au begani mwa mpagazi. Chombo kilipokuja kigeni, kilikuja na jina lake.

Historia ya Zanzibar inatupa mfano ulio wazi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga reli fupi kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani mnamo mwaka 1879. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaagizwa injini ya mvuke. Njia ni ileile, mabehewa ni yaleyale, lakini kivutaji kimebadilika. Lugha yenye neno la jumla kama gari haikupata taabu: iliweza kubakiza kichwa na kubadilisha sehemu ya pili tu.

Mombasa nako, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa walisafiri mjini katika vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, navyo viliitwa gari. Kwa hiyo gari liliweza kuvutwa na mnyama, kusukumwa na mtu, au kwenda kwa nguvu ya mvuke. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, kazi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, bado ililieleza neno hili kwa upana huo: chombo cha magurudumu cha aina yoyote.

3. Gari na moshi

Kabla ya gari la moshi ilikuwapo merikebu ya moshi. Watu wa pwani walipoziona meli zisizo na matanga waliangalia kilichotoka juu yake wakaziita hivyo. Injini ya mvuke ilipopanda nchi kavu, jina lilikuwa limekwisha kuandaliwa.

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Katika njia zote hizo gari la moshi lilikwenda pamoja na jina lake, na makabila ambayo hayakuwa yamewahi kuona bahari yakalipokea neno lililotoka ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1911 reli ya Tanga ilifika Moshi, na hapo likatokea jambo la kuwafurahisha walimu wa sarufi. Gari la moshi ni treni. Gari la Moshi ni gari lolote liendalo Moshi. Masikioni hakuna tofauti. Katika maandishi tofauti yote imebebwa na herufi moja kubwa, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya kulipenda umbo lililounganishwa, garimoshi, ambalo haliwezi kuchanganywa na mji wowote.

Muungano huo una sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Maneno mawili yakitumiwa pamoja muda mrefu huacha kuhesabiwa kila moja peke yake. Reli ya TAZARA ilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, injini zake zilikuwa za dizeli, wala hazikuwa na tanuri la makaa. Hata hivyo watu waliendelea kusema garimoshi bila kuona kasoro. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma. Hapa moshi haupo kabisa. Ni kweli kwamba matangazo na mazungumzo ya leo yanapendelea neno treni, lakini anayesema garimoshi la umeme hasemi upuuzi. Jina si maelezo ya kitu. Ni alama yake. Behewa lenyewe, kabla ya kuwa sehemu ya treni, lilikuwa ukumbi au ua wa ndani wa nyumba, na hakuna abiria anayelalamika kwamba amekaa uani.

4. Neno kwa majirani

Ili tuone jinsi maana inavyofuata chombo, inafaa tuvuke mipaka.

Nchini Uganda, Waganda walilipokea neno letu wakalitamka eggaali. Lakini mtu akikuambia mjini Kampala kwamba amekuja kwa eggaali, amekuja kwa baiskeli. Treni ni eggaali y'omukka, yaani gari la moshi, neno kwa neno. Motokaa haikuingia katika hesabu hiyo. Ina jina lake, emmotoka, lililotokana na Kiingereza. Hali kadhalika nchini Rwanda igare ni baiskeli. Sababu haiko mbali. Chombo cha magurudumu ambacho mwananchi wa kawaida aliweza kukinunua, kukitengeneza na kukipakia ndizi kilikuwa baiskeli, nacho ndicho kilichojitwalia jina la jumla.

Tukielekea kusini mambo ni mengine. Nchini Malawi, katika Kichewa, motokaa ni galimoto. Sehemu ya kwanza ni gari, ambalo r yake imekuwa l kwa kufuata matamshi ya lugha hiyo. Sehemu ya pili inatokana na mota, yaani injini, lakini sikioni mwa Mchewa, kama sikioni mwa Mswahili, inasikika kuwa moto wa kuwaka. Watoto huko huliita kwa jina hilohilo gari la kuchezea walilolisuka kwa waya. Treni haikupewa gari hata kidogo: huitwa sitima, kwa kuwa katika nchi ya ziwa meli ya mvuke ilitangulia kujulikana, na treni ikafananishwa nayo.

Basi neno moja limekuwa baiskeli Uganda, motokaa Malawi, na treni kwa mtu wa stesheni za Reli ya Kati aliyesema tu kwamba gari limefika. Hakuna aliyekosea. Kila jamii ililibakiza jina kwa chombo kilichokuwa na maana kubwa kwake.

5. Songea: gari lililofika likiwa na injini

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ilipita katika nchi ya Wangoni. Mizigo ilichukuliwa na watu, na watu wenyewe mara nyingi walikuwa bidhaa. Wadachi walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na kwa miaka mingi baadaye mzigo wa serikali na wa misheni ya Peramiho uliendelea kwenda kichwani. Gari la ng'ombe halikupata nafasi kubwa katika njia ndefu za kusini, kwa kuwa mapori ya kuelekea Tunduru yalijaa mbung'o, na ng'ombe asingevuka akiwa hai. Reli haikufika. Reli pekee ya kusini ilikuwa ile ya mpango wa karanga, kati ya Mtwara na Nachingwea, nayo ilifungwa mapema katika miaka ya 1960 bila kukaribia Songea. Mpango wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay umezungumzwa tangu zamani, lakini mpango hauleti neno kinywani.

Kwa hiyo ngazi ambazo neno gari lilizipanda mahali pengine, yaani mnyama, mkono wa mtu na moshi, huku hazikupandwa. Lilifika likiwa na injini. Na injini yenyewe haikuwa ya motokaa ndogo ya starehe. Ilikuwa ya lori. Lori ndilo lililochukua tumbaku ya Songea na kahawa ya Umatengo, ndilo lililoleta chumvi, nguo na mafuta ya taa, na ndilo lililopandwa na abiria juu ya magunia. Mtu aliyesema kijijini kwamba leo gari litapita hakuulizwa ni gari la nini. Lilikuwa moja, na mvua zikizidi halikupita.

Barabara ya Makambako hadi Songea ilipowekwa lami katika miaka ya 1980, vyombo vikawa vingi na maneno nayo yakaongezeka. Basi likajitenga na lori. Lami ya kwenda Mbinga na ya kwenda Namtumbo na Tunduru ilipofuata baadaye, yakaja magari madogo ya abiria yanayoitwa kwa majina ya viwanda vyake. Kisha zikaja bodaboda na bajaji, ambazo leo hubeba watu wa Lizaboni, Bombambili na Mfaranyaki. Sasa angalia usemi wa mjini. Abiria akisema nimekosa gari, nikachukua bajaji, amekwisha kutoa uamuzi wa kiistilahi: bajaji, ijapokuwa ina injini na magurudumu matatu, si gari. Pikipiki si gari. Mkokoteni si gari tena, ingawa bibi zake wa pwani wangaliuita hivyo bila kusita.

Hilo si la Songea peke yake. Ndiyo hali ya Kiswahili cha Tanzania kwa jumla. Lakini Songea inatuonyesha waziwazi kwamba maana finyu ya leo si upotovu wa vijana. Kuna sehemu za nchi ambako maana pana haikuwahi kukaa.

6. Ngeli na upatanisho

Walimu huulizwa mara kwa mara: ni gari hili au gari hii? Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zile zilizofuata zinaliweka neno hili katika ngeli ya li-/ya-: gari hili limeharibika, magari haya yameharibika. Hata hivyo, Zanzibar na katika miji mingi ya bara husikika gari hii imeharibika, gari zimejaa. Wasemaji hao hawababaiki ovyo. Wanalifuatisha neno hili na motokaa, teksi, treni na baiskeli, ambayo yote ni ya i-/zi-. Kwa upande mwingine basi na lori yamekaa pamoja na gari katika li-/ya-.

Katika mazungumzo hakuna haja ya kumkatiza mtu. Katika maandishi ya serikali na ya shule, usanifu unatutaka tushike li-/ya-, na tuishike toka mwanzo wa waraka hadi mwisho. Waraka unaosema gari hilo katika kifungu kimoja na gari hiyo katika kifungu kingine humfanya msomaji ashuku kwamba zimetajwa gari mbili. Kuhusu neno lililoungana, wingi wake ni magarimoshi; anayetaka kuandika magari ya moshi na ayaandike maneno matatu, asiyachanganye.

7. Pengo na chombo kilicholiziba

Neno la jumla likisinyaa huacha pengo. Gari lilipoacha kuwa kila kitu chenye magurudumu, Kiswahili kilibaki bila neno moja la kuvitaja vyote pamoja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna ngazi kadhaa: chombo chochote cha barabarani, chombo chenye injini, pikipiki, tela, na kadhalika. Aliyetaka kuzieleza ngazi hizo kwa Kiswahili hakuweza kulitumia gari katika ngazi ya juu, maana pikipiki ingetoka nje.

Wananchi na watumishi hawakungoja kamati. Walikwenda baharini. Chombo, mbali na maana yake ya kifaa, ni jina la jahazi. Nahodha ana chombo chake na mabaharia wake. Neno hilo likaletwa nchi kavu, likapewa kiwiliwili, likawa chombo cha usafiri na chombo cha moto. Kazi iliyofanywa zamani na gari, yaani kusimama kichwani na kungoja kuelezwa, leo inafanywa na chombo.

Katika chombo cha moto tunakutana tena na mkanganyiko wa mota na moto uliomo katika galimoto. Wapo wanaouliza kama bajaji ya umeme ni chombo cha moto hali haichomi mafuta. Jibu ni lile tulilolitoa kuhusu garimoshi: istilahi ikishazoeleka haipimwi kwa kuipasua. Lakini mwanasheria hawezi kuridhika na mazoea. Yeye hana budi kuandika katika kifungu cha tafsiri kwamba chombo cha moto ni chombo kiendeshwacho kwa injini au mota, iwe ya mafuta, ya gesi au ya umeme. Asipoandika hivyo, wakili wa mshtakiwa atakuja na moto wake mahakamani, au kampuni ya bima itakataa kulipa kwa sababu ya neno.

8. Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunawatolea wafasiri, walimu na watumishi wenzetu mapendekezo yafuatayo, wayapime kwa uzoefu wao:

(a) Katika nyaraka rasmi, gari litumike kwa chombo cha barabarani chenye injini au mota na magurudumu manne au zaidi. Basi, lori na teksi zimo ndani yake. Pikipiki na bajaji hazimo.

(b) Chombo cha moto kitumike kwa vyombo vyote vya barabarani vyenye injini au mota, pamoja na pikipiki, bajaji na guta la injini.

(c) Chombo cha barabarani kitumike pale inapokusudiwa kutaja vyote, pamoja na baiskeli, mkokoteni, tela na guta la kukanyaga. Chombo cha usafiri kina upana zaidi, maana ndani yake zimo meli na ndege. Kisitumike katika sheria ndogo ya maegesho ya soko.

(d) Gari la ng'ombe, gari la punda na gari la farasi yabaki kama yalivyo, kwa kuwa kiwiliwili chake kinazuia utata. Anayefasiri maandishi ya kabla ya miaka ya 1940 akumbuke kwamba gari peke yake laweza kuwa lolote kati ya hayo. Atazame muktadha kabla ya kumpandisha mtu wa zamani katika motokaa.

(e) Garimoshi na treni yote mawili ni sahihi. Waraka mmoja uchague moja na kulishika.

Mwisho, wasomaji walioko mikoani wanaombwa kuandika kueleza vyombo vya magurudumu vinaitwaje katika sehemu zao, hasa vile vya kuvutwa na mnyama au kusukumwa kwa mkono, na kama mkokoteni kwao ni wa mtu au wa ng'ombe. Tunalihitaji jambo hilo mapema. Sheria zinaendelea kuandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili, na mwenye mkokoteni anayezuiwa darajani kwa bango lisemalo magari hayaruhusiwi anastahili kujua, kabla hajarudi na mzigo wake, kama bango hilo linamhusu.